Alama Kwenye Kifua cha Fundi

Kwachu... kwachu... kwachu.

Niliisikia kabla sijaona chochote. Sauti ya sifongo lenye maji likisugua ngozi ya mtu, nyuma ya pazia la kitanda namba tisa.

Nilisimama katikati ya wodi, beseni mkononi. Asubuhi ndiyo kwanza inaanza.

Ndugu zangu, kitanda namba tisa hakikuwa cha kusuguliwa. Juu ya kichwa cha mgonjwa palibandikwa karatasi ya herufi nyekundu, hata mwenye macho mabovu angeisoma akiwa mlangoni: USIOSHE KIFUA WALA MBAVU.

Nikavuta pazia.

Aliyeshika sifongo alikuwa Pacha.

Rafiki yangu. Tulianza kazi siku moja, tukapewa sare kutoka mfuko mmoja, tukakosea kuvaa za wenzetu, mpaka wodi nzima ikatuita mapacha. Mimi jina halikunikaa kwa sababu nilikuwa na jingine. Yeye likamganda.

Maji kwenye beseni lake yalikuwa ya zambarau.

Na kifua cha mgonjwa wetu, Fundi, kilikuwa kitupu. Alama zote tatu za wino hazipo. Limebaki doa la rangi hapa, doa pale, kama shuka lililofuliwa pamoja na nguo inayochuja.

"Umefanya nini?"

"Punguza sauti kwanza," Pacha akasema.

"Nimekuuliza, umefanya nini?"

"Sogea hapa nikwambie kitu..."

"Huna la kuniambia. Macho ninayo."

Fundi alikuwa amelala chali, anatazama dari. Midomo yake ilitetemeka kidogo, nami nikadhani ni baridi.

Hapo palipotetemeka, pawekeni alama. Tutaparudia.

---

Ngoja niwaeleze kazi yetu, maana wengi mnadhani hospitali ni madaktari na manesi tu.

Mimi nilikuwa mhudumu wa wodi ya saratani. Ukitaka kujua mhudumu anafanya nini, chukua kila kitu ambacho mgonjwa alikuwa anajifanyia mwenyewe mpaka juzi. Kugeuka ubavu. Kukaa. Kufika chooni. Kunyoa. Kufunga kifungo cha shati. Hivyo vyote vinahamia kwenye mikono yako. Unamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi chumba cha mionzi, unamsubiri, unamrudisha. Akitapika unashika beseni, na unaangalia pembeni ili asione kuwa umeona.

Na mimi juu ya hayo nilikuwa nawasomea mashairi.

Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe kuhesabu mizani nikisukuma kile kiti. Hatua nane, pumua. Hatua nane, pumua. Wagonjwa wakaniita Malenga. Wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Mimi niliyapokea yote kama heshima, ndivyo nilivyo.

Nilikuwa na moto. Mtunza stoo alipotunyima glavu nilimtungia ubeti, nikaubandika kwenye mlango wake. Jamaa wa mgonjwa mmoja aliponiita mfagiaji nilimjibu kwa vina hadi akatafuta meneja. Kwa hayo nilipewa barua ya onyo. Ya pili ilisema wazi: hili ni la mwisho.

Pacha alikuwa kinyume changu. Mpole. Miaka mitatu kazini, faili lake jeupe kama shuka jipya.

"Wewe ulimi wako utakulaza njaa," alikuwa akiniambia.

"Na wewe ukimya wako utakulaza wapi?"

"Nyumbani kwangu, kwa mke wangu."

Tulikuwa tunacheka. Mnisamehe, bado nakumbuka namna tulivyokuwa tunacheka.

---

Fundi aliletwa na binti yake mwanzo wa mwezi.

Fundi cherehani, miaka arobaini mguu kwenye pedali. Alikuja hospitali na futi ya kupimia nguo shingoni, na hakuivua hata aliposhonewa kanzu ya wagonjwa. Samahani, hata alipovalishwa. Yeye ndiye aliyekuwa akisema "kushonewa", kwa dharau, akivuta ile mishono: "Nani alishona hii? Huyu alikuwa anakimbizwa."

Siku ya kwanza alinitazama sare yangu.

"Njoo hapa, kijana. Nani alikupa hilo gunia?"

"Serikali ya wodi, mzee."

"Mabega yako yako hapa, na mabega ya nguo yako kule. Nikitoka hapa nitakushonea." Akanipima palepale, mara mbili. "Pima mara mbili, kata mara moja. Nguo ikishakatwa haina samahani."

Ugonjwa wake ulikuwa kwenye njia ya chakula. Uvimbe umekua mpaka tundu lililobaki lilikuwa kama la sindano yake. Maji yalirudi. Mate yalirudi. Alilishwa kwa mpira wa puani, na sauti yake ikawa mnong'ono.

Daktari alikuwa mkweli. Alisema mionzi haitauondoa uvimbe, ila itaufanya unywee, upungue, njia ifunguke kwa miezi kadhaa.

"Itafunguka kiasi gani?" Fundi akauliza.

"Unataka kula nini, mzee?"

"Sitaki kula. Nataka kumeza chai. Kikombe kizima, ya moto, mpaka kipara kitoke jasho."

"Hiyo inawezekana," daktari akasema.

Basi, wasomaji wangu, hicho ndicho kilichokuwa kinagombewa katika kisa hiki. Kikombe cha chai.

Siku aliyochorwa alama nilimpeleka mimi. Wanakulaza kwenye mashine ya kupimia, wanatafuta uvimbe ulipo, halafu wanakuchora misalaba mitatu ya wino wa zambarau: mmoja kifuani, mmoja kila ubavu. Mashine ya mionzi inafuata ile misalaba. Msalaba ukihama, moto unahama.

Tukiwa njiani kurudi, Fundi alifungua kanzu akajitazama.

"Miaka arobaini nawachora watu kwa chaki," akanong'ona. "Leo nimechorwa mimi. Malenga, hebu angalia kama wamenipima sawa. Bega langu la kushoto limeshuka."

Matibabu yalikuwa yaanze siku ya tatu. Jioni ya siku ya pili alilalamika ngozi inamwasha, maana mtu akikonda namna ile ngozi hukauka kama karatasi. Nikamgeuza, nikamkanda mgongo wote kwa mafuta, taratibu, huku nikimsomea beti zangu mpya. Kifua sikukigusa. Akalala kifudifudi kama mtoto.

Nilienda nyumbani nimeridhika. Nilijiambia, hakuna mhudumu mwingine anayefanya hivi.

Asubuhi yake ndiyo nikasikia kwachu, kwachu.

---

Mtaalamu wa mionzi alikuja, akainama juu ya Fundi, akavuta pumzi ndefu.

"Nani amefanya hivi?"

Pacha akasema, "Mimi nilikuwa namfuta."

"Huwezi kuzirudishia palepale?" nikamuuliza mtaalamu. "Madoa si yanaonekana?"

"Madoa siyo alama. Nikikosea upana wa kidole, nachoma uti wa mgongo. Lazima apimwe upya."

"Lini?"

Akafungua daftari lake. Nilimwona anapitisha kidole kwenye majina, ukurasa wa kwanza, wa pili.

"Mashine ya kupimia ni moja. Nafasi ya karibu ni wiki tatu."

Fundi akafumba macho.

"Wiki tatu," akanong'ona. "Maisha yangu yote nimewaambia wateja, njoo wiki ijayo, njoo wiki ijayo. Leo na mimi nimeambiwa."

Akacheka. Kicheko hakikupita kooni, kikaishia kukohoa. Nikashika beseni.

Nikamtazama Pacha juu ya lile beseni. Sijawahi kumchukia mtu namna ile.

Matroni alituita ofisini sote wawili. Ni mama mfupi, miwani yake ina kamba, na hapendi maneno mengi.

"Uliona nini?" akaniuliza.

"Nilimkuta na sifongo na sabuni, kifua kimesuguliwa."

"Na wewe?" akamgeukia Pacha.

"Nilikuwa namfuta, Matroni."

"Ulisoma karatasi?"

"Niliisoma."

"Sasa kwa nini?"

Pacha alinitazama. Mara moja tu, haraka. Halafu akatazama miguu yake.

"Sina la kusema, Matroni."

Mtu asiye na la kusema ana hatia, sivyo? Nami niliamini hivyo. Nyinyi pia mliamini. Msinikatae.

Matroni akamwandikia onyo. Karatasi moja, sahihi moja, rudi kazini.

Karatasi moja, kwa kikombe cha chai cha mzee wangu? Nilitoka mle ofisini damu inachemka. Nikakaa kwenye ngazi za nyuma, nikatunga beti nne kwa dakika ishirini. Hazijawahi kuja kirahisi vile. Ubeti mmoja naurudia hapa, na sitaurudia tena maishani:

*Mkono wa kuuguza, umegeuka wa vita,*
*Fundi amemmaliza, kwa sabuni na mafuta,*
*Pacha nilimtukuza, kumbe kisu chanikata,*
*Nani wa kutuuguza, mikono ikitufuta?*

Nikaweka na picha. Ile ya siku yetu ya kwanza kazini, tumevaa sare za kubadilishana. Nikajikata mimi, nikamwacha yeye.

Nikabonyeza, likaenda mtandaoni.

---

Mnakumbuka kilichofuata, kwa sababu nyinyi ndio mliofuata.

Hadi saa sita mchana shairi lilikuwa limetoka wodini. Binti wa Fundi alilituma kwa jamaa zake wote. Jamaa wakalituma kwa jamaa. Mtu mmoja akalighani, akaweka sauti. Laiki zikapita elfu tano. "Malenga umeua." "Huyo Pacha anyongwe." "Andika tena." Nilikuwa nasoma komenti nikimsukuma mgonjwa, mara mbili nikagonga ukuta.

Siku ya nne wakubwa wa hospitali wakaitisha kikao. Siku ya tano Pacha akafukuzwa.

Nilimkuta langoni, ameshika sare yake imekunjwa vizuri, anasubiri mlinzi asaini kuipokea.

Akaihamishia sare kwapani.

"Umeandika mafuta," akasema.

"Nini?"

"Kwenye shairi. Umeandika, kwa sabuni na mafuta."

"Kina kilitaka," nikamjibu. "Huelewi mambo ya ushairi."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la swali ambalo hakutaka kuliuliza.

"Haya, Malenga," akasema. "Kina."

Akaondoka. Nilidhani amechanganyikiwa.

---

Wiki ya kwanza Fundi alikuwa bado anatania. Kila asubuhi alinitaka nimlowekee kijiti cha pamba kwenye chai, apake midomo.

"Imekolea sukari?" namuuliza.

"Mdomo unasema imekolea. Koo linasema halijasikia habari."

Wiki ya pili utani ukapungua. Wiki ya tatu akawa anaonyesha kwa kidole tu. Futi yake ya kupimia ilikuwa imempita shingo, ikalala kwenye mfupa wa kifua.

Mimi nilikuwa namhudumia kwa bidii ya mtu anayetazamwa. Nikimgeuza, namsimulia: "Leo wamefika elfu tisa, mzee wangu. Watu wako nyuma yako." Alikuwa ananitazama tu.

Ikabaki siku nne zamu yake ifike. Jioni akajikuna bega. Nikaelewa. Nikamgeuza ubavu, nikafungua kabati, nikatoa chupa ya mafuta.

Mkono wake ukanishika kifundo cha mkono.

Ndugu zangu, mkono ule haukuwa na nguvu ya kushika kijiko. Lakini ulinishika.

"Usinipake," akanong'ona.

"Inauma?"

Akatikisa kichwa, hapana. Akaielekezea ile chupa kidole.

"Ndiyo hayo."

"Ndiyo nini, Fundi?"

Akapumzika. Maneno yake yalikuwa yanakuja moja moja, kila moja na pumzi yake.

"Hayo ndiyo yaliyofuta."

Nikacheka kidogo, kwa woga. "Hapana, mzee. Aliyefuta ni Pacha. Mimi nilikupaka mgongoni."

"Ulinipaka mengi. Yakashuka mbavuni. Yakalowesha fulana. Nikalala kifudifudi." Akapumzika tena. "Alfajiri, fulana nzima zambarau."

Nikakaa kitandani. Ni marufuku sisi kukaa kwenye kitanda cha mgonjwa. Nilikaa.

"Na Pacha?"

"Aliingia, akaona, akaivua fulana. Akasema, Malenga ana barua ya mwisho. Akaanza kufuta mafuta, aone kama chini kumebaki mstari, aurudie kwa kalamu kabla haujaisha. Haukubaki."

"Kwa nini hakusema?"

"Alisema sogea nikwambie. Wewe ulisogea?"

Sikusogea. Nilisema macho ninayo.

"Na ofisini?"

"Alijua yeye atapewa karatasi tu. Wewe ungepewa mlango. Ndivyo ilivyokuwa, mpaka ulipoandika."

Nilitaka kukasirika, jamani. Huo ndio ukweli. Mtu kama mimi akikosa pa kusimama anatafuta wa kumkasirikia. Nikamgeukia yeye, mgonjwa, mifupa mitupu.

"Na wewe, Fundi? Siku zote hizi unanitazama. Nakuogesha, nakulisha, nakusomea. Kwa nini hukuniambia?"

Akaigusa futi yake shingoni.

"Mwanangu," akasema, "mgonjwa hagombani na mkono unaomgeuza."

Sikuelewa palepale. Halafu nikaelewa, na natamani nisingeelewa.

Aliniogopa.

Asubuhi ile nyuma ya pazia, midomo yake haikutetemeka kwa baridi. Ilitetemeka kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama pale nafoka, na ni mimi ambaye ningerudi saa tano kumgeuza, saa nane kumlisha, jioni kumpeleka chooni. Angenikosoa vipi? Angemwita nani?

"Nilikupima mabega mara mbili," akasema mwishowe. "Wewe kumkata mwenzako, hukupima hata mara moja."

"Nitasema, Fundi. Asubuhi nitakwenda kwa Matroni."

Akaachia kifundo changu. Akageuza uso ukutani.

---

Nilikwenda. Hilo nilifanya.

Matroni alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, ikaning'inia kwa kamba.

"Siku mtaalamu alipokuja kutufundisha kuhusu alama, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikaa nyuma."

"Alisema zisiguswe na nini?"

"Sabuni."

"Na nini?"

Siku ile nilikaa nyuma natafuta neno linaloishia na -nga.

"Sabuni, mafuta na poda. Vitu vitatu. Kichwa chako kinabeba beti arobaini bila karatasi, vitu vitatu vimekushinda."

"Nifukuzeni mimi, mrudisheni yeye."

"Wewe utaondoka, hilo halina mjadala. Kumrudisha yeye..." Akavaa miwani yake. "Mimi nilimpa onyo tu. Waliomfukuza wako juu yangu, na hawakusoma taarifa yangu. Walisoma simu zao."

Nilivua sare adhuhuri hiyo. Ile yenye mabega makubwa.

Niliruhusiwa kumtembelea Fundi kama mgeni, saa za wageni, kwenye kiti cha wageni. Mhudumu mpya alikuwa anamgeuza vibaya. Sikuwa na haki ya kusema.

Alifariki siku mbili kabla ya zamu yake. Binti yake alinieleza kwamba asubuhi ile aliomba chai. Wakamlowekea pamba. Akaikataa. Akataka kikombe kiwekwe tu karibu, apate harufu.

Siku ya zamu yake, kwenye chumba cha kupimia, aliitwa mtu mwingine.

Binti yake alinipa bahasha ndogo. Ndani mlikuwa na ile futi ya kupimia, na karatasi aliyoandika mwenyewe, mwandiko umelala kama nyasi. Hakuniandikia salamu. Aliandika vipimo vyangu. Bega, kifua, mkono. Chini yake: *mshonee huyu, usimcheleweshe.*

Alikuwa bado anataka nishonewe.

---

Jana nilikwenda kwa Pacha.

Nyumba yao ina mlango wa bati, na mbele yake kuna kamba ya nguo. Aliyefungua ni mke wake. Zamani nikija alikuwa anasema, "Karibu shemeji, mwenzako anaoga." Jana alishika mlango kwa mikono miwili.

"Shemeji, naomba kumwona."

"Shemeji wa nani?"

"Nimekuja kuomba radhi. Kosa lilikuwa langu."

"Tunajua lilikuwa lako. Sisi tulijua siku ya kwanza." Hakupandisha sauti. "Wiki iliyopita mwanangu wa darasa la pili amerudi na shairi. Wamelishika darasani, wanalighani wakipiga makofi. Analighani vizuri, ana sauti. Hajui ni baba yake."

Pacha akatokea nyuma yake. Mikono imepauka saruji mpaka viwiko. Anabeba zege sasa, kwenye jengo la jirani.

"Mwache," akamwambia mkewe. "Niongee naye hapahapa."

Hakunikaribisha ndani.

"Pacha, nilikosea."

"Uliposema mafuta, nilidhani unajua," akasema. "Nilidhani umekumbuka, ukaamua kunitwika. Halafu pale langoni ukaniambia kina. Unajua kipi kiliniuma zaidi? Afadhali ungekuwa unajua."

"Sikujua. Naapa."

"Najua hukujua. Wewe hujawahi kujua, unasema tu." Alikuwa anajikwangua saruji kwenye vidole. "Nimeomba kazi hospitali mbili. Kote wanatafuta habari zangu, wanakutana na picha yangu na beti zako. Wananiambia tutakupigia."

"Nimeshamwambia Matroni kila kitu. Nimeandika barua ya maelezo. Nimetolewa kazini."

"Vizuri."

"Nifanye nini kingine? Niambie tu."

Akanitazama, kama alivyonitazama siku ile ofisini, ila safari hii hakushusha macho.

"Ulinitukana sokoni," akasema, "halafu unakuja kuniomba radhi uchochoroni. Nani amekusikia hapa? Mimi na mke wangu. Sisi hatukuhitaji kuambiwa."

Akashika mlango afunge.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa maneno. Nilikuwa na maneno ya kutosha kumfukuzisha mtu kazi kwa dakika ishirini. Pale mlangoni nilitafuta hata mizani moja, sikuipata. Nikashika futi ya Fundi mfukoni, na nikasema kwa sauti, ili yeye asikie, na mkewe asikie, na jirani anayeanika nguo asikie:

"Nitaandika palepale nilipokutukana, kwa watu walewale. Nitaandika bila vina, pasiwepo neno nililoliweka kwa sababu linapendeza. Nitaanza na sauti ya lile sifongo, kwa sababu hapo ndipo nilipofungua mdomo kabla ya masikio. Nitasema mafuta yalikuwa yangu. Na watakaponigeukia mimi, Pacha, wacha wanigeukie. Sitafuta hata neno moja."